Namna gani kuingiza dizaini tinkingi mu ekipe yenye haiamini tena?

mwana_wa_Majengo (Goma)

Jambo wandugu. Swali yangu ni refu kidogo, munivumilie.

Tuko ekipe ya watu saba hapa Goma, tunatengeneza aplikasio ya simu kwa ajili ya vikundi vya akiba, zile AVEC zenye ziko karibu kila avenue. Badala ya katibu kuandika mu kaye na kupiga tampo kwa karne, kale kakitabu ka akiba, ya kila mutu, anaingiza yote kwa simu na hesabu zinajifanya zenyewe, mise (akiba yenye kila mutu analeta), mikopo, faida, amande za wenye kuchelewa. Wazo naliamini mpaka leo, juu tangu benki zifunge hapa mwanzo wa 2025 watu wanashikilia vile vikundi kuliko zamani. Tulikaa miezi minane kwa biro tunaandika kodi ya programu, tukapeleka kwa vikundi kumi na viwili. Leo ni viwili tu vinaitumia, na katibu wa kimoja ni shangazi ya developa wetu. Vingine vyote vimerudi kwa kaye, na kitu chenye kinaniuma ni kwamba hakuna hata kimoja kilikuja kutulalamikia, waliacha tu kimya kimya.

Shefu wetu alienda formasio ya siku tatu, akarudi na hii njia ya dizaini tinkingi, akatupangia atelie ya siku nzima. Akaandika kwa ukuta hatua tano: kuwaelewa watu, kutaja tatizo, kutafuta mawazo, kutengeneza mfano, kujaribu. Tukabandika vikaratasi vya rangi mpaka ukuta ukajaa, tukapiga picha, tukakula, tukarudi nyumbani. Kesho yake kila mutu akafungua mashini yake akaendelea pale alipokuwa ameachia. Wiki mbili nyuma yake vikaratasi vilikuwa vinaanguka chini kimoja kimoja na hakuna mutu alikuwa anaviokota.

Sasa mimi ndio naongoza upande wa produi, na shefu amenipa kazi ya kuifanya hiyo njia ikuwe desturi ya ekipe, yaani tuifanye kila mwezi na kila mara tunajenga kitu kipya. Mimi naitaka kweli, kwa roho yote. Lakini developa wawili, na ni wale wenye nguvu zaidi, wamesema wazi hawataki kusikia tena hilo neno, kwao ni mambo ya ONG, inakula siku na hakuna kitu inaacha. Hatuna pia pesa ya kusimamisha kazi mwezi mzima eti tunafanya utafiti. Naanzia wapi? Nalete formasio ingine? Na hawa wawili nawashika namna gani bila kuwalazimisha?


dada_wa_Nguba (Bukavu)

Kaka, usilete formasio ingine. Nimefanya hii kazi miaka sita, hapa Bukavu na kwa vijiji, na kosa lenye naona kila mara ni kuanzia kwa ukuta. Anzia kwa reunio ya akiba. Jumamosi hii, usingoje mwezi ujao. Chagua kikundi kimoja kati ya vile vyenye viliacha, omba ruhusa kwa mama prezida, halafu ukae kwa benchi ya nyuma saa mbili nzima bila kutoa simu yenye aplikasio yenu. Ni ngumu kuliko inavyosikika, juu mutu akishatengeneza kitu mikono inamuwasha kukionyesha.

Halafu angalia sanduku. Hii njia ya AVEC ilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE ndio waliianza na wamama wa kule, na sanduku lake lina kadena (kufuli) tatu, funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na mwenye kulala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata moja. Pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Karne inapigwa tampo wote wakiona, na wale wenye hawajui kusoma wanahesabu tampo kwa kidole. Kaka, hiyo yote ni dizaini, na ilifanywa na watu wenye walikaa pamoja na wale wa kuitumia. Kila kadena iliwekwa juu ya uoga fulani. Sasa jiulize, kwa aplikasio yenu zile funguo tatu ziko wapi? Kama katibu peke yake ndio anashika simu, mulitoa kadena mbili bila kujua.

Sisemi hiyo ndio iliwafanya waache, sikukuwa pale. Nasema swali ya namna hiyo hautaipata kwa biro, hata mukae na vikaratasi mwaka mzima.

Kuhusu kuuliza. Usiwaulize wamama "mutatumia hii?" Watasema ndio. Kwetu mgeni haambiwe kazi yake ni mbaya, hasa kijana mwenye amepanda moto kutoka mbali kuja kuwaona, watamshukuru na watamuombea Mungu amsaidie. Uliza juu ya kitu chenye kilishatokea. Mara ya mwisho mulikosana juu ya hesabu, ilikuwa namna gani? Nani alisema nini? Ilimalizika namna gani? Siku katibu hakukuja, nani aliandika? Hapo mutu hafikirie tena kukufurahisha, anakumbuka tu, na anakumbuka mpaka nguo yenye mwenzake alivaa siku ile. Ukisikia jambo lenye linakushangaza sema "ehee" na unyamaze. Na uandike maneno yake vile alivyoyasema, mu Swahili yake, ao Mashi, ao Kinande, usiyageuze papo hapo mu Kifaransa ya ripoti, juu ile Kifaransa inafanya wamama wote waonekane wamesema kitu kimoja.

Na developa mmoja aende nawe. Hapa sibishani na mutu. Ukirudi peke yako na ripoti atakubishia wewe, lakini mama mwenye alimuona kwa macho yake anahangaika na kile kifungo alitengeneza, huyo atambishia nini?


kodi_na_kahawa (Goma)

Mimi ni developa na nilikuwa sawa hao wako wawili, kwa hiyo acha niwatetee kidogo.

Hatukatae kuwaelewa watu. Kitu tunakataa ni kuitwa kwa atelie wakati uamuzi ulishafanyika. Mahali nilikuwa nafanya kazi zamani tulizunguka wiki tatu Birere na Ndosho tunaongea na wamama wa mitumba na wa sambaza, tukajaza makaye mane, na karibu wote walikuwa wanasema kitu kimoja, kwamba kuuza kwa intaneti hakuwahusu, walichotaka ni kujua bei ya jumla ya asubuhi mbele hawajatoka nyumbani, juu transpo ya bure ndio inawamaliza. Shefu akapokea ripoti, akasema ni nzuri sana, na Jumatatu tukaendelea na lile duka la intaneti lenye alikuwa ameshamuahidi mwenye kutoa pesa. Tangu siku ile nikisikia tu neno atelie roho inafunga. Hao developa wako pengine walishapitia kitu cha namna hiyo, uliza.

Kwa hiyo mbele ya kwenda kwa ekipe nenda kwanza kwa shefu, muko wawili peke yenu, umuulize: tukikuta kwamba kitu fulani chenye tulishajenga hakiwasaidie watu, uko tayari tukitoe? Akisema ndio, arudie hivyo mbele ya wote, na ataje ni kitu gani. Akisita, ujue atelie ya pili itaisha sawa ya kwanza.

Kingine, usiiite tena dizaini tinkingi. Kwa ekipe yenu hilo jina limeshachafuka. Sema tu tunaenda kuona juu ya nini waliacha. Developa anaelewa hiyo lugha. Programu ikianguka hatukae kubahatisha, tunasoma logi, pale programu inaandika yenyewe kila kitu kilitokea, tunarudia hatua zote zenye mutumiaji alipitia mpaka ianguke tena mbele ya macho yetu, halafu ndio tunagusa kodi. Sasa kwenu vikundi kumi vimeanguka na hakuna mutu ameenda kusoma logi. Ukimuwekea developa hivyo, mwenyewe atasikia haya kukaa.

Juu ya muda: sisi tunafanya asubuhi moja kila wiki mbili, Jumamosi, watu wawili kwa zamu, na mwenye alienda Jumamosi anapumzika Jumatatu asubuhi. Hiyo ya kupumzika musiisahau hata kidogo, ukichukua Jumamosi ya mutu bure mara ya tatu haji tena. Mwaka wa pili sasa, na kazi haijasimama.


mwana_Katuba (Lubumbashi)

Bandugu ba Kivu, jambo yenu. Miye niko ku Lubumbashi, Swahili ya huku iko ingine kidogo lakini mutanisikia tu.

Niongeze kintu juu ya zile hatua tano. Ile karatasi inatoka ku shule ya dizaini ya Stanford, kule Marekani, na batu ba IDEO, kampuni ya dizaini, njo balifanya njia yenyewe ijulikane ku makampuni. Wazo ni ya zamani kuliko hiyo, Herbert Simon, mwenye elimu mumoja wa Marekani, alishaandika mu 1969 kwamba kila mutu mwenye anatafuta namna ya kugeuza hali yenye iko ikuwe hali yenye anapenda, eko anafanya dizaini. Kwa hiyo hata ule mama mwenye aliongeza kadena ya tatu. Shida iko kwamba batu banazisoma sawa ngazi, unapanda moja unaimaliza unapanda ya pili. Haiko vile. Unaweza kuwa ku hatua ya tano unajaribisha mufano, unajikuta hata tatizo haukulitaja muzuri, unarudi ku ya pili, na haiko aibu. Waambie ba developa hivyo mapema, juu developa anachukia kurudi nyuma kama hajui kwamba kurudi kulipangwa.

Mufano yenye miye ninapenda ni M-Pesa, ile ya Kenya. Mu 2005 walianza kuijaribu kwa kulipa deni tu, mutu amekopa ku microfinance, analipa kwa simu, basi. Kumbe batu bakaanza kutumiana pesa bo kwa bo, bengine banaweka pesa ku simu mbele ya safari ili basitembee nayo mu mufuko. Wenye kazi bangeweza kusema hawa banatumia vibaya, tubafundishe. Bakaangalia, bakaacha ile ya deni, bakajenga ya kutuma pesa, na mu Machi 2007 Safaricom ikaifungulia batu bote. Huku kwetu Vodacom iliileta mu 2012 na leo hata mama wa mboga eko nayo. Kwa hiyo ukienda ku kikundi na ukaona banatumia aplikasio yenu kwa namna haukuipanga, usirekebishe mutu. Kaa pale pale, uliza.

Na hamuhitaji vikundi mia. Jakob Nielsen, mutaalamu wa kujaribisha programu na batumiaji, alieleza mu 2000 kwamba ukijaribisha kintu na batu batano unashaona shida zake nyingi, wa sita na wa saba banakurudilia zile zile. Jaribu na batano, tengeneza, jaribu tena na batano bengine. Lakini bakuwe ba kweli, hapana kufunga kazi na shangazi ya developa.

Tena musiandike kodi mbele ya kujaribu. Siye tulikuwa na aplikasio ya kuagiza bunga na makala hapa Katuba. Tulitengeneza "simu" ya kartoni, kila ekra ni karatasi, mama anagusa na kidole, miye ninabadilisha karatasi na mukono. Mama wa kwanza akagusa picha ya gunia ya makala, akafika ku karatasi ya kulipa, akaanza kutafuta chini, juu, pembeni. Namuuliza unatafuta nini mama? Anasema pale pa kuandika nitalipa Ijumaa. Haikukuwa. Wa pili akatafuta vile vile, wa tatu vile vile. Mu asubuhi moja tulijua kwamba ku avenue yetu makala na deni vinatembea pamoja, na siye tulikuwa tunajiandaa kukaa mwezi mzima kujenga malipo ya papo hapo tu. Tulitumia kartoni moja na markeri.


mwana_wa_Majengo

Aksanti sana wote, nimesoma mara mbili mbili. Jana niliongea na shefu vile kodi_na_kahawa alisema. Alisita kweli. Halafu akasema kama inabidi tutoe kitu, tutoe ile ukurasa ya chati, zile michoro za rangi zenye zinaonyesha faida inapanda. Mnafahamu hiyo ndio anaonyeshaka wageni, kwa hiyo nimeona si maneno tu. Developa mmoja amekubali kuja Jumamosi. Wa pili amesema bado, sikumsukuma.

Swali moja ndogo: wamama tuwape kitu? Tunakula saa zao.


dada_wa_Nguba

Munaweza kutoa kitu kwa kesi (mfuko) ya msaada ya kikundi, mwisho wa reunio, mbele ya wote, na prezida ajue tangu mwanzo ni kiasi gani. Usimpe mutu mmoja mmoja pembeni, utaacha ugomvi nyuma yako. Na musiahidi chochote, hata kusema "tutarudi na toleo nzuri" ni ahadi, watahesabu siku.


mama_katibu (Goma)

Mimi siko mutu wa informatike. Mtoto wangu alinisomea haya maneno yenu jana jioni nikamwambia na yangu uandike, yeye anaandika mimi nasema.

Niko katibu wa kikundi chetu mwaka wa tano, tuko wamama ishirini na watatu. Na sisi vijana walituletea aplikasio mwaka jana, sijui kama ni yenu ao ya wengine. Walikuwa na adabu. Tuliitumia reunio tatu halafu tukaacha, na mimi ndio niliacha, si kikundi.

Nawaambia juu ya nini. Na kaye, mama akileta mise yake anaitaja kwa sauti, mama wa kuhesabu anahesabu, anarudilia, mimi naandika, tampo inapigwa, karne inarudi kwa mwenyewe. Macho ya wote inakuwa kwa pesa. Na simu, macho ya wote ilikuwa kwangu. Nainama, nabonyeza, wao hawaone nabonyeza nini. Reunio ya pili mama mmoja akauliza kwa upole, mama katibu, umeandika ngapi? Miaka mine hakuna mutu alishaniuliza hivyo. Reunio ya tatu wakauliza wawili. Wanangu, mimi kwa avenue yetu sina kitu kingine kuliko jina langu. Simu ikizima juu ya kukosa moto, ao mtoto akicheza nayo akafuta kitu, nitajieleza kwa nani? Nikaiweka chini, reunio yenye ilifuata nikakuja na kaye, na hakuna aliuliza tena.

Na karne, vijana wanafikiri ni hesabu tu. Mama anaipeleka nyumbani. Kuko mwenye anaiweka kwa meza ili mume aone akiba iko, na kuko mwenye anaificha mu mufuko ya bunga, na wote wawili wako na sababu. Simu haiwezi hiyo, juu simu kwa nyumba mingi ni baba ndio anaishika.

Kingine tena, ile kesi ya msaada yenye tunatoa wakati mutu amefiwa ao amejifungua, aplikasio ilikuwa inaichanganya na akiba. Ile pesa haigawanywe hata franga moja, siku ya kugawana ingetuletea vita. Na mise tunaweka kwa franga, lakini mkopo mkubwa wa biashara tunauandika kwa dola, na simu ilikuwa inataka pesa ya aina moja tu.

Hatukuwaambia juu walikuwa watoto wazuri na hatukupenda kuwavunja roho. Kama wangekaa kwanza na sisi wangeona yote. Mukitaka kuja kwa vikundi musije karibu na siku za kugawana, mwaka ukifika mwisho watu wanahesabu vichwani na hawatulie kuongea na wageni.


kodi_na_kahawa

Mama, aksanti sana, na umwambie mtoto aksanti ya kuandika. Mwana wa Majengo, lile neno "macho ya wote ilikuwa kwangu" lichapishe vile vile, kwa karatasi kubwa, na uwasomee developa wako wote wawili mbele ya kwenda.


mwana_wa_Majengo

Narudi nyuma ya wiki tatu, niliahidi mtoto wa mama katibu nitaandika.

Tulienda kwa vikundi viwili, kimoja hapa Majengo, kingine Ndosho. Developa alikuja mara zote mbili. Kile cha Ndosho ni kimoja kati ya vile viwili vyenye "vinatumia", ndani ya ripoti zetu ni mfano wa mafanikio. Tukakuta katibu anaandika kila kitu mu kaye sawa zamani, halafu jioni kwa nyumba binti yake anaingiza kwa simu, saa nzima, juu hawakupenda kutuhuzunisha. Kazi mara mbili, kila wiki, tangu mwaka jana, na sisi tulikuwa tunaihesabu kama ushindi. Kwa kurudi developa hakuongea njia yote. Saa mbili ya usiku akanitumia picha ya karatasi yenye amechora.

Tulikaa asubuhi moja kuandika tatizo upya na ilikuwa ndio sehemu ngumu kuliko zote, ngumu kuliko kwenda Ndosho. Mbele tulikuwa tunasema "katibu anahitaji kuandika haraka". Kila kitu tulijenga kilitoka kwa hiyo sentensi, na katibu hakuna hata mmoja alituambia anataka haraka, mimi ndio nililiweka kwa kumtazama anaandika polepole. Sasa tumeandika: kila mwanamemba anahitaji kuona ao kusikia, papo hapo na bila kuuliza, kwamba pesa yake imeandikwa vile aliitoa. Mukiangalia, hapo simu ya katibu haitajwe hata.

Toka hapo mawazo yakaja mingi, tukajaribu matatu bila kuandika kodi.

La kwanza, simu iseme kwa sauti. Katika vikundi kila mwanamemba ana namba yake, kwa hiyo simu ingesema "namba saba, mise tatu". Hatukujenga kitu, developa mwenyewe akakaa kwa kona akawa ndio simu, katibu anaandika mu kaye, yeye anasoma kwa nguvu. Pale katikati akakosea, akasema mise mbili badala ya nne, na wamama watano wakapiga kelele pamoja, hapana, ni ine! Haikupangwa. Lakini ilituonyesha kwamba kikundi kizima kilikuwa kinasikiliza, ile kazi ya kuangalia ilirudi kwa wote. Hii tunaijenga.

La pili, sms kwa kila mwanamemba. Hii ilikuwa yangu na niliipenda sana. Tulituma kwa mkono, sms kumi na tisa. Sita zilianguka kwa simu ya mume, na mume mmoja alikuja kuuliza kwa mama prezida hiyo pesa inatoka wapi. Mama katibu alikuwa ameshatuambia na mimi bado nilitaka kujaribu, nilienda kuomba msamaha kwa mama mwenye sms ilikuwa yake, nyumbani kwa dada yake. Sms tumeitoa. Kama kuko mwenye anafikiria hiyo, kwanza uliza kila mutu simu ni ya nani na inalala wapi.

La tatu, kodi tatu za siri za watu watatu ili kufunga reunio, sawa zile kadena. Wiki yenye ilifuata wawili walikuwa wamesahau. Prezida akatuambia funguo iko kwa kamba ya shingo, haisahauliwe. Hapo bado hatujui, tunatafuta.

Kesi ya msaada tumeitenga na akiba, na franga na dola zinaandikwa mbali mbali, hiyo developa aliifanya kwa siku mbili bila mutu kumuomba. Karne na kaye vinabaki. Ukurasa wa chati umetoka, shefu alinyamaza kidogo, halafu akasema toeni.

Developa wa pili bado hajaenda. Lakini aliomba kusoma maneno ya wamama vile yaliandikwa, na aliuliza juu ya nini kwa kaye moja mise na amande ziko mu ukurasa mmoja. Zamu ya Jumamosi inayokuja nimeweka jina lake na kalamu ya risasi, atafuta kama hataki.

Kitu kinanisumbua sasa ni shefu anataka tarehe ya kutoa toleo mpya, na toleo la sauti tumelijaribu kwa vikundi viwili tu.


dada_wa_Nguba

Mupe tarehe ya kujaribu, hapana ya kutoa. Na la sauti mulipeleke kwa kikundi kimoja chenye kinakutanika mu kanisa ao karibu na barabara, pale kelele ni mingi, mbele hamujaandika kodi yake. Developa akae tena kwa kona asome. Kama wamama hawamusikie, mutajua siku hiyo hiyo.